Je, Wajua? Uzi wa Shuka Ulianzia Kwenye Ngozi ya Mbegu

Jioni jua likilegea hapa Hai Mauna, wanawake hutoa viti vya plastiki nje na kuendelea na milaya zao. Milaya ni shuka. Neno lenyewe ni la Kiarabu, kama lilivyo hilo "hai", maana yake mtaa. Lakini ukisema milaya mjini Juba, hakuna anayefikiria shuka tupu. Ni shuka lililotariziwa maua na ndege kwa nyuzi za rangi, kingo zake zimefumwa kwa sindano ya kulabu, la kutandikwa mgeni akija na la kupewa bibi harusi. Waliokimbilia Khartoum enzi za vita walitarizi huko. Walioko kambi ya Bidibidi, Uganda, wanatarizi mpaka leo.

Siku moja jirani yangu aliinua uso kutoka kwenye kazi yake akaniuliza: "Mwanangu, hii pamba huota kama manyoya ya kondoo, au kama majani?" Amekulia mjini, ameshona maisha yake yote, na hajawahi kuuona mpamba shambani. Nilimwambia, "Mama, nipe siku chache." Nilichokipata kimenishangaza kiasi kwamba naona haya kukiweka peke yangu.

Je, wajua kwamba kila unyuzi wa pamba ni seli moja tu? Mama hakuwa mbali alipotaja manyoya. Pamba haioti kama jani wala si nyama ya tunda. Ni seli za ngozi ya mbegu zilizorefuka. Asubuhi ua la mpamba linapofunguka, likiwa jeupe la maziwa, baadhi ya seli za ngozi ya mbegu zilizo ndani huanza kuvimba na kuchomoza. Kesho yake ua limegeuka la waridi na linanyauka, na chini yake kazi imekwisha kuanza. Mbegu moja huweza kubeba nyuzi elfu kumi na tano au zaidi. Kila moja hurefuka kwa muda wa wiki tatu hivi hadi kufikia sentimita mbili na nusu au tatu, huku wembamba wake ukibaki chini ya ule wa unywele wa mtu. Seli moja, na urefu wake ni zaidi ya mara elfu moja ya upana wake.

Baada ya hapo unyuzi huacha kurefuka na kuanza kunenepa kwa ndani, tabaka juu ya tabaka la selulosi, mpaka siku ya arubaini na kitu au hamsini tangu ua lifunguke. Kisha kitumba, yaani tunda lenye mbegu, kinapasuka, seli inakufa, inakauka, inalala bapa kama mpira wa maji uliofungwa bomba, na inajisokota. Kujisokota huko ndiko kunakofanya nyuzi zishikane zinaposokotwa kuwa uzi. Unyuzi ulionyooka na kuteleza ungechomoka.

Kwa hiyo urefu wa unyuzi huamuliwa katika wiki tatu za kwanza. Ukomavu wake huamuliwa katika wiki zinazofuata. Ukame ukipiga katika kipindi cha kwanza, nyuzi hutoka fupi, na mvua ya baadaye hairudishi urefu uliopotea. Viwandani ukomavu huo hupimwa kwa njia ambayo mtu asingeibuni haraka: hupuliza hewa katika donge la pamba lenye uzito maalumu na kutazama inavyopenya. Nyuzi nyembamba changa zinajazana na kuzuia hewa, nene zinaipitisha. Kipimo hicho huitwa maikronea, na pamba ya aina ya kawaida inayopata bei kamili huwa kati ya 3.5 na 4.9. Chini ya hapo unyuzi haukukomaa na utashika rangi vibaya. Juu ya hapo ni mnene mno kwa uzi mwembamba.

Je, wajua kwamba pamba ilikuwa mali ya kupiganiwa kwenye Mto Naili karne nyingi kabla ya mkoloni? Mfalme Ezana wa Aksum, katika karne ya nne, aliacha maandishi ya mawe akijisifu jinsi alivyowashambulia Wanoba, na katika hayo anataja kuharibu akiba zao za nafaka na za pamba. Wachimbaji wa mambo ya kale wamepata vitambaa vya pamba katika makaburi ya enzi za Meroe, kaskazini mwa Sudan. Na pwani ya Afrika Mashariki, huko Kilwa, wamefukua vigae vya vyungu vilivyochongwa mviringo na kutobolewa katikati ili vitie uzito kwenye pia ya kusokotea uzi. Msafiri Ibn Battuta alipopita Mogadishu mwaka 1331 alivisifu vitambaa vilivyofumwa hapo na kupelekwa mpaka Misri.

Hapa Sudan Kusini, jina la pamba ni Nzara.

Nzara iko Equatoria Magharibi, karibu na Yambio, nchi ya Wazande. Miaka ya 1940, John Tothill, mtaalamu wa wadudu aliyekuwa mkurugenzi wa kilimo wa Sudan, alileta wazo lililokuwa geni kwa watawala wa wakati ule. Eneo lile liko mbali mno na bahari. Pamba ghafi ikisafirishwa, nauli inaimeza bei yote. Basi ilimwe na familia za Wazande, ichambuliwe, isokotwe na kufumwa palepale, na nguo ziuzwe kwa watu wa palepale. Mbegu zilipandwa mwaka 1946, kiwanda kikasimama, na Nzara ikawa inafuma nguo katikati ya Afrika.

Wazo lilikuwa zuri kuliko namna lilivyotekelezwa. Maelfu ya familia zilihamishwa kutoka makazi yao zikapangwa kwa mistari kando ya barabara, kila moja na kipande chake, ili wasimamizi wawaone vizuri. Mtaalamu wa jamii Conrad Reining aliyeishi huko aliandika kitabu kizima juu ya mpango huo, kilichotoka mwaka 1966, na ukikisoma unaona Wazande waliulizwa kidogo sana. Julai 1955 wafanyakazi mamia wakaachishwa kazi. Watu wakaandamana Nzara, wakapigwa risasi, wengine wakafa. Wiki chache baadaye, tarehe 18 Agosti, askari wa Torit wakaasi, na siku hiyo wengi huihesabu kuwa mwanzo wa vita vya kwanza vya wenyewe kwa wenyewe vya Sudan. Kisha, Juni 1976, mtunza stoo wa kiwanda kilekile cha pamba akaugua homa ya ajabu. Ndiye mgonjwa wa kwanza anayejulikana wa Ebola aina ya Sudan. Wagonjwa 284 waliandikwa, na zaidi ya nusu walifariki. Watafiti waliangalia mpaka popo waliokuwa wakilala kwenye dari ya kiwanda.

Ndiyo maana pamba ya Nzara imeingia zaidi katika vitabu vya vita na vya tiba kuliko vya kilimo. Mimi naona ni hasara kubwa, maana swali la kilimo lilikuwa la maana na bado halijajibiwa: mpamba unaotegemea mvua, katika nchi ya mvua nyingi, utafanyaje ili uzae badala ya kujaa majani?

Nasema hivyo kwa sababu kwa asili mpamba ni mti. Uachie na utaendelea kuishi mwaka hadi mwaka, ukirefuka. Sisi ndio tunaoupanda kila msimu kana kwamba ni mahindi. Ukipata maji na mbolea tele, hukumbuka umiti wake: shina linakimbia juu, majani yanafunika, kivuli kinaingia chini, vitumba vya chini vinaoza au kuanguka. Shamba linapendeza kulitazama kutoka barabarani na mavuno ni haba. Hapo ndipo vinapoingia vidhibiti ukuaji.

Je, wajua kwamba dawa ya kufupisha mpamba ina asili yake katika ugonjwa wa mpunga? Wakulima wa Japani waliujua ugonjwa unaofanya miche irefuke kupita kiasi, imepauka na dhaifu, kisha ianguke bila kuzaa. Waliuita bakanae, yaani mche mjinga. Mwaka 1926 Eiichi Kurosawa, akifanya kazi Taiwani, alionyesha kwamba kuvu wa ugonjwa huo hutoa kitu kinachorefusha mche hata kuvu mwenyewe asipokuwapo. Kitu hicho kikaitwa jibarelini. Baadaye ikaonekana kwamba mimea yenyewe huitengeneza, kila siku, kwa kiasi. Kuvu alikuwa amezidisha tu homoni ambayo mche ulikuwa nayo tangu mwanzo.

Basi swali linageuka: kama kuna kinachorefusha, je, tunaweza kuzuia kisitengenezwe? Jibu mojawapo ni mepikwati kloridi, inayotumika katika pamba tangu miaka ya 1980 hivi, na leo ni ya kawaida katika mashamba makubwa ya Marekani, Brazili, Australia na China. Hupulizwa kidogo sana, mara nyingi wakati maua ya kwanza yanapofunguka. Inaziba hatua ya mwanzo ya kutengeneza jibarelini. Pingili mpya zinatoka fupi, majani yanakuwa ya kijani kizito, jua linaingia mpaka matawi ya chini, na vitumba vya mwanzo vinabaki mahali pake.

Hapa pana jambo lililonisumbua. Unyuzi wenyewe unahitaji jibarelini ili urefuke. Mwaka 1973 na 1974, Beasley na Ting wa Chuo Kikuu cha California huko Riverside walikuza mbegu changa za pamba zikielea juu ya maji yenye sukari na madini ndani ya chupa. Wakitumia mbegu ambazo hazikupata chavua, bila homoni hazikutoa nyuzi. Zikipewa jibarelini na homoni nyingine, oksini, zikaota nyuzi chupani, bila mpamba, bila shamba. Sasa mtu anapuliziaje shamba dawa ya kupunguza homoni hiyohiyo na pamba isiharibike?

Jibu liko katika kipimo na mahali. Dozi ni ndogo, na inashika zaidi kwenye ncha zinazokua kwa kasi, yaani shina na majani mapya. Chakula ambacho kingekwenda huko kinabaki kwa vitumba. Fikiria sufuria ya asida jikoni. Dawa hii haiongezi unga kwenye sufuria. Inabadilisha tu nani apakuliwe kwanza. Kwa hiyo panapokuwa na unga mwingi unaopotea kwa majani, faida inaonekana. Sufuria ikiwa nusu, shamba limekaukiwa na udongo umechoka, kupuliza ni kuudumaza mmea uliokwisha dumaa. Majaribio ya miaka mingi yanaonyesha jambo moja kwa uhakika: mpamba unakuwa mfupi na mara nyingi unawahi kukomaa. Mavuno huongezeka mahali pengine, hubaki palepale kwingine, na hushuka kwingine. Nyuzi huweza kurefuka kidogo, si siku zote. Muuzaji anayemwahidi mkulima magunia zaidi kila atakapopuliza hajui anachokiuza.

Na kabla ya kupuliza kuna kipimo cha vidole. Hesabu vifundo vya shina kuanzia juu, utazame pingili iliyo kati ya kifundo cha nne na cha tano. Ikifika sentimita saba na nusu, upana wa vidole vinne vya mtu mzima, mpamba unakimbia. Ikiwa chini ya sentimita tano, upana wa vidole vitatu hivi, uache kama ulivyo. Kipimo hiki anaweza kukitumia mkulima yeyote, mwenye dawa na asiye nayo, maana kinamwambia shamba lake linakula au linalia njaa.

Asiye na dawa ana njia nyingine. Wakulima wa China kwa miaka mingi wamekata ncha ya kila mpamba kwa mkono katikati ya msimu, shamba zima, mmea mmoja mmoja. Ncha ya shina ndiyo inayotoa oksini, homoni inayoyaambia matawi ya pembeni yangoje. Ikikatwa, shina linaacha kupanda. Nafasi ya kupanda nayo ni kidhibiti. Kwa sentimita 60 kwa 30, ekari hubeba mimea zaidi ya elfu 22. Hapo kila mpamba una nafasi ndogo ya kujitanua, na vitumba vyake vichache vya kwanza ndivyo vinavyohesabika. Watafiti wa Ukiriguru karibu na Mwanza, na wa Namulonge, Uganda, nao waliifanya kazi hii ndani ya mbegu: walichagua mipamba yenye majani ya manyoya ili wadudu wafyonzaji wasikae, na yenye kuzaa katika mvua zetu zisizo na ratiba. Wakati wanafanya hivyo, hakuna mkulima wa kule aliyekuwa akiwazia chupa ya homoni.

Je, wajua kwamba homoni mojawapo kubwa ya mimea iligunduliwa ndani ya vitumba vya pamba? Mpamba huangusha zaidi ya nusu ya matumba na vitumba vyake vichanga. Mkulima akiviona chini hulaani funza, na funza wa vitumba wapo kweli, ila kitumba cha funza kina tundu. Kisicho na tundu, mara nyingi mpamba umekiacha wenyewe, kwa sababu ya mawingu ya siku nyingi, ukame, au maji yaliyotuama. Mwaka 1963 kundi la Frederick Addicott, Chuo Kikuu cha California huko Davis, lilitaka kujua amri hiyo ya kuangusha hutoka wapi. Wakachukua kilo 225 za vitumba vichanga wakavikamua na kuchuja mpaka wakabaki na fuwele za miligramu 9. Punje moja ya mchele ina uzito kupita huo. Leo kitu hicho huitwa asidi ya absisiki, jina linalotokana na neno la kukatika.

Jina likabaki, maana ikahama. Ilibainika kwamba kazi kubwa ya asidi hiyo ni kufunga vinyweleo vya majani maji yanapopungua, na kuifanya mbegu ingoje kabla ya kuota. Anayekata hasa kikonyo ni etilini, na huyo tunamjua sote hata kama hatujui jina lake. Ndizi zinazotoka Uganda kupitia Nimule zikivundikwa chini ya gunia, gesi inayozivivisha ni hiyohiyo. Dimitri Neljubow aliitambua nguvu yake huko St. Petersburg mwaka 1901, alipoona kwamba ni etilini katika gesi ya taa iliyokuwa ikipinda miche yake ya njegere.

Kwenye pamba etilini huletwa na ethefoni, kimiminika chenye asidi kinachovunjika kuwa gesi kikishaingia ndani ya mmea. Mashamba ya mashine huitumia vitumba vingi vinapokuwa vimepasuka, ili vilivyobaki vifunguke kwa pamoja na mashine ipite mara moja. Sisi tunachuma kwa mkono, kwa awamu, na mkono huchagua. Kitumba kilicholazimishwa kufunguka kabla ya wakati hutoa nyuzi changa, na ile hewa ya maikronea itakisema. Uchumaji wa mikono ni kazi ya kuvunja mgongo, na mwenye kuifanya alipwe vizuri, lakini katika ubora wa nyuzi haudaiwi kitu na mashine.

Je, wajua kwamba bomba lisilooshwa linaweza kuua shamba la pamba? Dawa ya magugu ya 2,4-D, inayotumika sana kwenye mahindi, ni oksini ya kutengenezwa: inaamuru mmea ukue ovyo mpaka ujimalize. Mahindi huivumilia. Mpamba ni miongoni mwa mimea inayoumia nayo kupita kiasi. Mabaki kwenye mpira wa bomba, au upepo kutoka shamba la jirani, hutosha. Majani mapya hutoka membamba, yamejikunja, mishipa imesongamana kama mguu wa chura, na matumba huanguka. Mwenye pamba na mahindi awe na mabomba mawili. Ni ushauri wa gharama, najua, ila kupoteza kilimo cha msimu mzima ni ghali zaidi.

Tena, wapo waliojaribu kuweka amri hiyo ya oksini mahali pake hasa. Mwaka 2011 watafiti wa China walitangaza kwamba wameingiza katika mpamba jeni ya kutengeneza oksini, wakaifunga ifanye kazi kwenye ngozi ya mbegu tu, siku ambazo nyuzi zinachipua. Mavuno ya nyuzi yakazidi kwa zaidi ya asilimia 15, na nyuzi zikawa laini zaidi. Huko ndiko mambo yanakoelekea: kuacha kulipulizia shamba zima, na kuisemesha seli yenyewe.

Nilimrudia Mama nikamweleza, si yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, sindano imesimama. Kisha akachomoa uzi mmoja wa pembeni, pale ambapo shuka halijakunjwa, akausokotoa kinyume kati ya vidole vyake viwili. Uzi ulilegea, ukafunguka, ukaachana. Akabaki na unyuzi mmoja kwenye ncha ya kidole, mfupi kama kiungo cha kidole gumba, umejikunja kidogo.

"Huu ndio ngozi ya mbegu?"

"Huo ndio, Mama. Na urefu huo uliupata katika wiki tatu za kwanza."

Akaupuliza, ukapotea hewani, akarudi kwenye ua lake la rangi ya machungwa.